Mkunga na Airisi Nyeupe za Karani

Katika miaka thelathini na miwili aliyozalisha, Sista hakuwahi kumkabidhi mama mtoto asiye wake. Hulisema jambo hilo kwa utulivu, kama mtu anayetaja urefu wake. Mtoto alikuwa hajamaliza kilio cha kwanza, yeye ameshamfunga utepe mmoja mkononi na mwingine mguuni, ameandika jina la mama, saa na jinsia, na amemsomea mama maandishi yale kwa sauti mpaka mama, hata akiwa hoi kitandani, akaitikia. Wakunga wachanga walimwona ana makuu. Yeye aliwaambia kwamba siku ya kwanza mtoto hana uso wa kukumbukwa. Wote wana sura ya mzee aliyeamshwa usingizini, na anayejidai anawatambua kwa macho ndiye wa kuogopwa.

Alipostaafu, tabia hiyo aliihamishia uani. Chumba cha mbele cha nyumba yao kinatazama mtaa, na humo mumewe ananyoa: kiti kimoja cha kuzunguka, kioo chenye ufa kwenye kona, mashine tatu zinazoning'inia kwenye misumari, na benchi la wateja ambalo mara nyingi limekaliwa na watu wasiokuja kunyoa. Ukipita hapo, ukavuka sebule na jiko, unatokea kwenye ua mdogo uliosakafiwa nusu. Nusu ya pili, chini ya ukuta unaopigwa na jua tangu asubuhi mpaka alasiri, ni tuta lililoinuliwa kwa safu tatu za matofali. Urefu wake ni hatua kumi na nne. Humo hamna mchicha, hamna nyanya, hamna hata mnanaa wa chai. Ni airisi tupu.

Asiyeijua airisi huidhani ni kitunguu kilichopotea njia. Majani yake ni marefu na bapa, yamepangana kama upepeo uliofunguliwa. Chini hakuna kitunguu bali tunguu, shina nene linalotambaa juujuu ya udongo mithili ya tangawizi. Ua lina petali tatu zilizosimama na tatu zilizoinama, na kila iliyoinama ina ndevu fupi katikati. Kinyozi husema ndicho kiumbe pekee chenye ndevu kilichoingia nyumbani kwake kikakataa kunyolewa.

Sista huzitunza kwa kuzinyima. Hazimwagilii mpaka udongo uwe mkavu kiasi kwamba kidole kikizamishwa hurudi safi. Haziwekei samadi mbichi. Tunguu hulipanda mizizi chini, mgongo wazi juani, na mtu akipita na kuuona mgongo ule mtupu huingiwa na huruma, akataka kuufukia. Hapo ndipo airisi nyingi hufia, mikononi mwa watu wenye huruma. Tunguu lililofukiwa na kunyweshwa huoza kutoka ndani mpaka likawa uji, na harufu yake Sista huilinganisha na vitu vya wodini ambavyo mumewe amemkataza kuvitaja wakati wa kula.

Ana rangi tatu: manjano iliyoiva, zambarau iliyokolea ambayo kwa mbali ni nyeusi, na nyeupe.

Nyeupe ilitoka kwa Karani. Karani ndiye aliyekuwa akiandika daftari la vizazi katika wodi ileile. Kwa miaka ishirini na sita Sista alitaja na Karani akaandika, kisha Karani akasoma na Sista akahakiki. Waligombana juu ya dakika. Kuna wakati walinuniana wiki nzima kwa sababu Sista alisema mtoto amezaliwa saa nane na dakika saba, na saa ya ukutani juu ya meza ya Karani ilisema dakika tisa. Walipopatana hakuna aliyekubali kwamba alikosea. Walikubaliana tu kununua betri mpya.

Airisi ile Karani alipewa na mama mkwe wake, na alipenda kusema kwamba ndicho kitu pekee alichowahi kupewa na mama yule bila masimango. Miaka kumi na moja iliyopita alimkatia Sista tunguu moja, akamfungia kwenye gazeti. La Sista likazaa. Ya Karani yakafa yote katika msimu mmoja, maana Karani, mwenye mkono usiotetemeka wa kuandika, ana mkono usiojua kuacha wa kumwagilia.

"Nilikuwa naona zina kiu," alijitetea.

"Ulikuwa unajiona wewe," Sista alimjibu.

Mwaka jana Karani alikata shauri kuhamia kwa binti yake, mji wa mbali, mwendo wa siku nzima kwa gari. Magoti yake yalikuwa yamezichoka ngazi za nyumba aliyopanga, na binti alikuwa ameshamwandalia chumba cha chini chenye kibaraza. Hakuwa na mpango wa kurudi. Hakutaka pia kuagwa kwa vilio na picha za pamoja. Alikuja tu siku moja mchana, akaketi kwenye benchi la wateja, akamwita Sista atoke jikoni.

"Sista, nimekuja kuomba nyeupe yangu."

"Yako uliiua."

"Basi ya mama mkwe wangu. Kibarazani kwa binti kuna jua, na chini yake kuna udongo. Nataka niwe nakaa pale naiona."

"Unataka ngapi?"

"Mkwe wangu amelipima buti la gari kwa kamba. Nimeachiwa nafasi ya boksi moja la viatu."

"Boksi la viatu linaingia matunguu matatu."

"Basi matatu. Lakini yawe meupe, Sista. Nisije nikasubiri mwaka, miaka miwili, halafu linifungukie la manjano. Kule sina mtu wa kumgombeza."

"Lini niliwahi kumpa mtu kisicho chake?"

Ahadi ikawa imetoka, mbele ya kinyozi na wateja wawili, mmoja wao akiwa amenyolewa nusu kichwa.

Majira yalikuwa mazuri. Maua yalikuwa yamekwisha wiki sita zilizopita, na ulikuwa mwaka wa tatu, mwaka ambao Sista huzing'oa airisi zote, hutupa matunguu yaliyozeeka ya katikati, na kupanda upya machanga ya pembeni. Safari ya Karani ilipangwa Jumamosi alfajiri. Alhamisi asubuhi Sista alifunga kitambaa kichwani, akaingia tutani na uma wa kulimia.

Alifanya kazi kama alivyofanya siku zote. Aliinua kila kichaka kizima bila kukatakata mizizi ovyo. Alitenga matunguu kwa kisu alichokifuta kwa spiriti kila baada ya mkato mmoja, ili ugonjwa wa huyu usihamie kwa yule. Aliyaosha kwenye karai moja baada ya jingine, akatazama kila upande kama kuna tundu la funza. Yalipatikana arobaini na manne yenye afya.

Airisi isiyo na ua haina rangi. Ukishaing'oa na kuiosha, nyeupe na manjano ni ndugu wa tumbo moja waliovaa sare. Kwa hiyo kila tunguu lililotoka kwenye karai Sista aliliandikia herufi kwenye jani la katikati, lile refu kuliko yote, kwa kalamu ya wino usiofutika: N kwa nyeupe, M kwa manjano, Z kwa zambarau. Na hapo kosa likafanyika, akalifanya yeye, si mtu mwingine. Sehemu ya chini ya majani, anapoandika miaka yote, ilikuwa bado imelowa. Kalamu iliteleza na wino ukatawanyika. Badala ya kusubiri yakauke, aliandika juu, karibu na ncha, palipokuwa pakavu. Nyeupe tisa, manjano ishirini, zambarau kumi na tano. Akayalaza yote kwenye gunia kivulini, akaenda kuoga. Akiwa njiani alimwambia mumewe ampunguzie majani.

Kupunguza majani ni kazi ya kinyozi tangu mwanzo. Tunguu lililopoteza nusu ya mizizi haliwezi kunywesha majani yote, kwa hiyo theluthi ya juu hukatwa. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika, mashine zake zimelala, na mikono yake ilikuwa inawasha kwa kukosa kazi. Alikuja na mkasi wake mrefu, akavuta kigoda. Hakulipua. Kila upepeo aliukata kwa mshazari kutoka kushoto, kwa mshazari kutoka kulia, akaacha kilele katikati, akarudi nyuma kidogo kuutazama, akasawazisha. Alipomaliza, matunguu arobaini na manne yalikuwa yamejipanga kwenye gunia na kichwa cha aina moja, kama watoto wa shule siku ya kufungua muhula. Ncha alizifagilia kwenye ndoo, kwa kuwa hapendi vilivyokatwa vibaki sakafuni.

Sista alitoka na taulo begani. Alitazama gunia, akatazama ndoo.

"Herufi ziko wapi?"

"Herufi gani?"

"Nilizoandika kwenye majani, baba."

Kinyozi aliinama kwenye ndoo, akatoa ncha moja, akaisogeza mbali na macho kama asomavyo ujumbe wa simu. "Z," alisoma. Akachukua nyingine. "Hii M."

"Uliona maandishi, ukakata?"

"Niliona, nikajua una mambo yako. Mke wangu, mteja akija ana maandishi kichwani, na amesema punguza, mimi napunguza."

Sista hakufoka. Alikaa kwenye kigoda alichokiacha mumewe, taulo bado begani, akapiga hesabu. Zambarau hazikumpa shida: chini kabisa, majani yanapochomoza kwenye tunguu, zina doa la zambarau kama mtu aliyekanyaga zabibu. Alizitenga kumi na tano kwa dakika mbili. Yalibaki ishirini na tisa yenye shina la kijani tupu. Tisa kati yake yalikuwa meupe, na kwa jicho, kwa kidole wala kwa pua, hakuna lililosema kitu. Angechota matatu kwa kubahatisha, uwezekano mkubwa ulikuwa kwamba Karani angebeba manjano siku nzima barabarani, akayapanda, akayakalia kibarazani, na siku ya kuchanua akaona rangi isiyo yake, mahali ambapo hakuna wa kumbadilishia.

"Miaka thelathini na miwili hukupoteza mtoto hata mmoja," kinyozi alisema, maana hakuweza kujizuia. "Umestaafu, umechanganya maua arobaini asubuhi moja."

"Arobaini na manne."

"Mpe matatu yoyote, umwambie ni meupe. Atakapogundua, magoti hayatamruhusu kurudi kukupiga."

"Mzee, kitu nisichokijua sikiiti jina."

Aliinuka, akajaza beseni maji, akazimwaga ncha zote ndani ili zisinyauke. Alikuwa hajajua bado zitamfaa nini. Alijua tu kwamba kila ncha iliyokuwa mle ndani ilikuwa na nusu yake pale guniani, na kwamba watu waliokuwa jani moja saa moja iliyopita hawawezi kuwa wageni kabisa.

Alasiri ndipo alipoona njia. Aliinua ncha moja dhidi ya jua. Jani la airisi lina mishipa iliyonyooka kama mistari ya daftari, inapanda sambamba kutoka chini kwenda juu. Aliihesabu kwa ncha ya sindano ya kushonea: thelathini na moja. Nyingine: ishirini na saba. Nyingine: thelathini na nne. Jani hunyauka, hujikunja, hupungua upana; mishipa haipungui. Na pale mkasi ulipopita, idadi ya juu na idadi ya chini lazima iwe moja. Sista aliweka sindano mezani na, kwa mara ya kwanza tangu atoke kuoga, akala.

Ijumaa saa tatu asubuhi Karani alifika na boksi la viatu kwapani. Sista alimwahi mlangoni.

"Kabla hujakaa. Alama zimekatwa. Kwa sasa sijui nyeupe ni zipi."

Boksi la Karani likashuka kutoka kwapani mpaka mkononi. Kisha alicheka, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Wewe! Wewe uliyemrudisha daktari mlangoni na mtoto mikononi kwa sababu utepe ulisomeka nusu!"

"Cheka uishe, tuna kazi."

"Shemeji ndiye aliyekata?"

"Mimi ndiye niliyeandika juu."

"Mmesikia?" kinyozi alipaza sauti kutoka chumba cha mbele, akiwaambia wateja. "Nimeachiwa huru!"

Karani hakucheka tena. Alivuta kiti kwenye meza ya jikoni, akavaa miwani, akasukuma pembeni bakuli la chumvi. "Daftari lipo?"

Lilikuwepo. Akachora safu nne kwa rula bila kuulizwa. Sista alimweleza njia, Karani akaongeza moja: kila tunguu lipewe namba yake kwenye kipande cha karatasi kilichofungwa kwa uzi chini kabisa, mahali ambapo hata shemeji akirukwa na akili mkasi hautafika. Wakaanza.

Sista alihesabu, Karani akaandika. Tunguu la kwanza, jani la katikati, mishipa thelathini na moja, mshazari kulia. La pili, ishirini na nane, mshazari kushoto. Karani alisoma kila namba kwa sauti, na Sista alihesabu mara ya pili kabla ya kuitikia. Walipomaliza matunguu walihamia kwenye ncha ishirini na tisa zenye M na N. Idadi zilizolingana ziliwekwa pamoja, na kama majani mawili yalikuwa na idadi moja, walikutanisha kingo zenyewe: mkasi wa kinyozi ulikuwa ukiuma kidogo mwishoni mwa kila mkato, ukaacha kijino, na kijino cha juu kilitafuta pengo lake chini.

"Namba kumi na tisa," Karani alisema. "Umesema thelathini na mbili."

"Thelathini na tatu."

"Nimeandika thelathini na mbili kwa sababu umesema thelathini na mbili."

"Nikasema vibaya. Hesabu wewe."

Karani alihesabu kwa sindano, midomo ikitikisika. "Thelathini na tatu," alikiri, akafuta kwa mstari mmoja ulionyooka na kuandika juu yake, kama alivyofundishwa, ili kosa lionekane lilikuwa wapi.

Kufikia saa saba mchana nyeupe sita zilikuwa zimepata ncha zao bila ushindani: idadi ilikuwa moja, mshazari mmoja, kijino kimeingia. Ncha tatu nyingine za N zilibishaniwa na matunguu matano. Mkasi ulikuwa umepita hapo mara mbili, kinyozi akisawazisha, na ule ukanda mwembamba wa katikati ulishasagika kwenye ndoo.

Sista alijinyoosha mgongo. Karani hakufunga daftari.

"Tumekubaliana sisi wawili," Karani alisema. "Sisi wawili tumeshawahi kukubaliana juu ya betri. Nataka kujua njia yenyewe kama inasema kweli."

Aliinuka, akaenda uani peke yake. Akarudi na matunguu kumi aliyoyachagua mwenyewe, mengine kati ya zile zambarau, mengine kati ya manjano, yote ameyaviringisha gazeti chini ili doa lisionekane, namba amezificha. Ncha zote arobaini na nne alizitandaza mezani, herufi zimelala chini.

"Haya, mkunga. Niambie mtoto wa nani."

Kinyozi alimwacha mteja kwenye kiti, akaja kusimama mlangoni na kitana mkononi. Mteja naye akaja, shuka shingoni.

Sista hakuharakisha. Alihesabu, akajaribu ncha, akaitoa, akajaribu nyingine. La kwanza likapata ncha yake. La pili. La tatu lilimchukua robo saa, mteja akashusha pumzi mara mbili na kutazamwa vibaya na wanawake wote wawili. Alipofika la saba alihesabu mara tatu, akakutanisha kingo na ncha mbili tofauti, akaliweka pembeni.

"Hili sijui."

"Bahatisha," mteja alimshauri.

"Sijui," Sista alirudia, kwa sauti ileile ambayo angetaja saa, akachukua la nane.

Yalipokwisha, Karani alifungua gazeti moja baada ya jingine na kugeuza ncha moja baada ya nyingine. Doa, Z. Doa, Z. Kijani, M. Aliendelea bila kutoa maoni. Matunguu tisa yaliyopewa jibu, yote tisa yalilingana. Lile la saba alilifungua pia, akaona doa. Kati ya ncha mbili zilizomshinda Sista, moja ilikuwa Z na nyingine M.

"Ungebahatisha ungeweza kukosa," Karani alisema.

"Ndiyo maana sikubahatisha."

Karani akafunga daftari. Kutoka kwenye zile sita alijichagulia matatu: si makubwa kuliko yote, bali yaliyokuwa na mapacha mawili machanga pembeni, jambo lililomfurahisha Sista kimoyomoyo kwa sababu ndivyo alivyomfundisha. Waliyalaza kwenye boksi juu ya magazeti makavu. Nafasi ilibaki, finyu, ya tunguu moja dogo.

"Nitilie na moja katika yale matano," Karani alisema. "Pengine ni nyeupe."

"Hapana."

"Nafasi si ipo?"

"Boksi hilo lina nyeupe. Halina pengine."

Karani alitaka kubisha, akaliangalia boksi, akalifunika. Jumamosi alfajiri gari la mkwe lilisimama mbele ya nyumba kwa dakika nne. Boksi lilikuwa magotini mwa Karani, si kwenye buti; buti, alieleza, lilikuwa limejaa ujinga wa watu wengine. Sista alimsisitizia mambo mawili kupitia dirishani: mgongo wa tunguu uwe juani, na wiki mbili za kwanza matunguu yasiguswe na maji.

"Hata yakiomba?"

"Hayaombi. Nenda salama."

Sista alipanda tuta lake upya wiki hiyohiyo. Nyeupe tatu zilizosalia alizipanda mwisho wa kulia. Yale matano yenye utata aliyapanda mwisho wa kushoto, yakiwa yametengwa na mstari wa matofali. Katikati akapanda manjano na zambarau. Wateja wa mumewe walijenga mazoea ya kupita uani na kuuliza maendeleo, kama watu wanaofuatilia ligi. Yeye aliwajibu kwamba hakuna maendeleo, ni majani, na majani hayana cha kusema.

Msimu wa maua ulipofika, kulia kulifunguka kwanza. Nyeupe, nyeupe, na siku nne baadaye nyeupe ya tatu. Kinyozi alitangaza ushindi chumba cha mbele.

"Bado," Sista alisema.

"Bado nini? Zote tatu zimetoka kama ulivyosema!"

"Tatu za kwangu. Za kwake sijaziona."

"Mpigie akuambie."

Karani alikuwa ameshapiga mwenyewe wiki iliyotangulia. Zake zilikuwa zimeota vizuri lakini hazikuonyesha hata chipukizi la ua. Airisi iliyohamishwa mbali mara nyingi hupumzika mwaka wa kwanza. Mkwe wake, alisema, bado anaamini ni vitunguu, na anaulizia vitavunwa lini.

Katikati ya tuta kulikuwa kumechanua manjano na zambarau zote, bila nyeupe hata moja. Sista akageukia kushoto, kwenye yale matano. Hesabu yake ilikuwa rahisi, na kwa sababu hiyo hakumweleza mtu. La kwanza lilifunguka manjano. La pili nyeupe. Baada ya hapo nyeupe, kisha manjano. Likabaki moja, lina chipukizi lililobana kama ngumi, na hilo lilikaa hivyo siku tisa huku mengine yakinyauka. Mumewe alimshauri alifungue kwa kidole. Alimtazama mpaka akarudi kwa wateja wake.

Siku ya kumi asubuhi, jua lilipofika ukutani, ngumi ililegea. Petali ya kwanza iliinama kabla ya saa nne. Ilikuwa nyeupe, na ndevu zake zilikuwa na ile manjano hafifu ya shina la mama mkwe.

Sista alinawa mikono, akaketi kwenye kiti cha jikoni, akapiga simu.

"Nyeupe zilikuwa tisa," alianza, bila salamu, jambo ambalo si kawaida yake. "Hapa uani zimechanua sita. Nimeziona kwa macho, zote sita."

Upande wa pili kulikuwa na kelele za vyombo. Karani alimnyamazisha mtu, akasogea kando. "Tisa kutoa sita."

"Ndiyo."

"Tatu ziko kwangu."

"Tatu ziko kwako, na ni nyeupe. Hakuna pengine pa kwenda. Nilisema, na sasa nina hakika."

"Ndilo ulilonipigia?"

"Ndilo."

"Sista," Karani alisema, na katika sauti yake kulikuwa na kicheko kilichokuwa kikijizuia, "mimi majirani nilishawaambia ni nyeupe tangu wiki niliyozipanda. Mmoja nimeshamwahidi tunguu."

"Kabla hujaona ua hata moja?"

"Nilikuona ulipokwama kwenye lile la saba, watu wamekusimamia, ukasema hujui. Baada ya hapo nikusubiri nini?"

Sista akamuuliza huyo jirani ni mtu wa namna gani, na jua linafika uani kwake saa ngapi.